Somo la Kunyonyesha: Juu ya Mzazi Ambaye Chuchu Zake Zimelala au Zimezama

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika tumbo la mama yake na akamtayarishia chakula chake kabla hajatoka. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ambaye yeye mwenyewe alinyonyeshwa na Thuwaiba kisha na Halima wa Bani Saad, ziwashukie pia jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Tumeulizwa mara nyingi na ndugu zetu wa pwani, watu wa Mikindani na Lindi na Mtwara, wanaopanda bara kwa biashara ya korosho wakakaa Masasi penye majabali, na Newala iliyo juu kwenye ukingo wa nyanda za Makonde, na wengine wao wakaoa huko. Mas-ala yenyewe ni katika yale ambayo wanaume huona haya kuyataja mbele za watu. Sisi twaonelea ya kwamba haya isiyomwacha mtu akajua wajibu wake si haya, bali ni ujinga uliovikwa kanzu.

Suala ni hili. Mtu huoa mwanamke mwema, akashika mimba, akajifungua salama. Kisha siku ya kwanza au ya pili hutoka mjumbe katika chumba cha mzazi na khabari ya kwamba mtoto hawezi kunyonya, kwa kuwa chuchu za mama yake zimelala bapa na ziwa, au zimezama ndani kama kitovu. Hapo kila mtu hutoa shauri lake. Bibi mzaa mama ataka upikwe uji mwembamba. Mjomba, naye ana kauli kubwa katika nyumba za Wamakonde na za Wayao, ataka mtoto apewe mwanamke mwingine. Baba, akiwa ana fedha ya korosho mkononi, hutuma mtu dukani amletee mkebe wa maziwa ya unga na chupa. Na wako, tena si mmoja wala wawili, waliotuuliza kama jambo hili ni aibu ya mwanamke ambayo kwayo mume aweza kuvunja ndoa na kurudishiwa mahari yake.

Tuanze na hili la mwisho, kwani jawabu lake ni fupi. Aibu za mwanamke ambazo kwazo mume, katika madhehebu ya Imamu Shafii, hupewa khiari ya kuvunja ndoa, wanavyuoni wamezihesabu: wazimu, ukoma, barasi, na mbili za kuzibika njia ya tupu, kwa nyama au kwa mfupa. Chuchu haimo katika hesabu hiyo, wala hapana mwanachuoni tumjuaye aliyeitia. Mwenye kumwacha mkewe kwa sababu hii talaka ni yake, walakini mahari yote ni ya mwanamke, wala hana la kudai hata pesa moja. Na amwambiaye mkewe, au amwambiaye mama wa mkewe, maneno ya kumtia aibu kwa umbo aliloumbwa nalo, huyo na ajue ya kwamba hakumkosoa mwanamke, amemkosoa Muumba.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, kwani wengi hulihukumu wasilijue.

Chuchu za wanawake hazikuumbwa namna moja. Ziko ndefu, ziko fupi, ziko zilizolala sawa na ngozi, na ziko zilizovutwa ndani na nyuzi fupi zilizo chini yake. Mwanamke aweza kuwa na moja iliyotoka na ya pili iliyozama. Kujua hali yake, mwenyewe na abane polepole kwa kidole gumba na cha shahada nyuma kidogo ya chuchu, katika lile duara jeusi: ikijitokeza, basi ililala tu, na mtoto ataitoa mwenyewe kwa kunyonya, ikizidi kurudi ndani, hiyo ndiyo iliyozama, nayo yataka subira na msaada zaidi. Nyingi zidhaniwazo kuwa zimezama si hizo, zimelala tu. Hata zile zilizozama kweli, wingi wake hulainika katika siku na majuma ya kwanza ya kunyonyesha, na kila uzazi ufuatao huwa mwepesi kuliko uliotangulia.

Na hapa pana neno moja ambalo mtu akilifahamu, nusu ya khofu humtoka: mtoto hanyonyi chuchu, hunyonya ziwa. Afunguapo kinywa chake vyema hutia ndani chuchu pamoja na sehemu kubwa ya lile duara lililoizunguka, kwani chini ya duara hilo ndiko ilipo mifereji ya maziwa. Katika kile kinachojaa kinywa chake, chuchu ni kama thuluthi tu. Kazi yake ni kumwonyesha mtoto mahali pa kushika. Basi mama ambaye chuchu yake imelala hakunyimwa maziwa wala hakunyimwa ziwa. Amenyimwa ile alama tu, na alama yaweza kufanywa kwa mkono. Atakayesema ya kwamba mwanamke huyu "hana maziwa" amesema asilolijua.

Ndugu Muislamu, kabla hujatuma mtu dukani, sikiliza hukumu. Imamu An-Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ametaja katika Minhaji, kitabu ambacho watu wa pwani yetu wamekisoma vizazi kwa vizazi, ya kwamba ni wajibu juu ya mama kumnyonyesha mwanawe yale maziwa ya kwanza. Waarabu huyaita al-liba, nasi huyaita dang'a: maziwa mazito, ya rangi ya manjano, yatokayo mara tu baada ya kuzaa. Wajibu huu haumwondokei hata akiwapo wa kumnyonyesha mwingine, wala hata baba akiwa tajiri wa kuajiri wanyonyeshaji kumi. Wanavyuoni wakaeleza sababu, ya kwamba mtoto kwa kawaida haishi au hapati nguvu ila kwa maziwa hayo. Juu ya muda wake walikhitilafiana: wako waliosema siku tatu, na wako waliosema saba, na kauli yenye nguvu ni kwamba warejewe wajuzi wa mambo hayo. Angalia, basi, jinsi waganga wa zama zetu walivyokuja kuyakuta yaliyokwisha andikwa: wanasema ya kwamba dang'a ni machache kwa kipimo, vijiko vidogo tu, walakini yamejaa kinga ya maradhi na vitu vya kumtia mtoto nguvu, nayo yalitosha tumbo lake lililo dogo. Wanataka mtoto atiwe ziwani katika saa ya kwanza ya kuzaliwa kwake, anyonye maziwa ya mama matupu miezi 6, hata maji asipewe, kisha achanganyiwe na chakula na aendelee kunyonya miaka 2 au zaidi. Na miaka miwili kamili ndiyo iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 233, kwa atakaye kutimiza.

Basi wale wanaomwaga dang'a kwa kuwa ni manjano na kuyaita maziwa machafu, wanamwaga lililo wajibu. Maziwa ya mwanamke ni tohara, na nifasi haiyatii najisi. Mwanamke aliye katika nifasi ameondolewa sala na saumu, kunyonyesha hakuondolewa.

Baada ya dang'a hukumu hubadilika, na hapa wanaume wengi hukosea. Akipatikana mama peke yake, au akipatikana mwanamke mwingine peke yake, aliyepatikana humlazimu kunyonyesha. Wakipatikana wote wawili, mama halazimishwi. Nawe, mume, huna amri ya kumwambia mkeo, "Nyonyesha kwa nguvu". Una njia ya kumsaidia mpaka kunyonyesha kumwelee mwepesi. Na kinyume chake kadhalika: yeye akitaka kunyonyesha, wewe huna haki ya kumzuia. Juu ya hili Imamu Ar-Rafii katika Al-Muharrar alisahihisha ya kwamba mume aweza kumzuia. Imamu An-Nawawi akamrudi akasema, la, lililo sahihi zaidi ni kwamba hawezi, na hivyo ndivyo walivyosahihisha walio wengi. Hatuoni, kwa hivyo, kuwa baba anunuaye mkebe akasema "Basi, imekwisha, mtoto wangu atakunywa hii", hali mama alia machozi ataka kujaribu tena, ana hoja katika madhehebu yetu.

Sasa tueleze msaada wenyewe namna ulivyo. Tumewauliza wakunga na waganga, wala hatuoni haya kuandika majawabu yao.

La kwanza, mtoto akizaliwa na alazwe juu ya kifua cha mama yake ngozi kwa ngozi, asiondolewe kwenda kuoshwa wala kutazamwa na wageni. Mtoto aliye mzima hujikokota mwenyewe kutafuta ziwa, hasa katika saa ile ya kwanza anapokuwa macho. Siku mbili tatu za mwanzo ziwa bado laini, na hiyo ndiyo fursa kubwa. Maziwa yakisha kujaa, ziwa huumuka likawa gumu, na chuchu iliyolala ikazidi kupotea. Likiwa limejaa hivyo, mama na akamue kidogo kwa mkono kwanza, hata lile duara lilainike, ndipo ampe mtoto.

La pili ni namna ya kumshika. Mama na alishike ziwa kwa mkono, gumba juu na vidole chini, mbali kidogo na chuchu, alibane liwe bapa kama mtu ashikavyo mkate mnene ili auingize kinywani. Akiguse kinywa cha mtoto mpaka afunue sana, kisha amvute mtoto upesi kwenye ziwa, si ziwa kwenda kwa mtoto. Wako watoto wanaoweza zaidi wakiwekwa chini ya kwapa la mama, miguu ikielekea nyuma. Wako wanaoweza zaidi mama akijilaza chali kidogo na mtoto akawa juu yake. Mtoto akikataa huku na ajaribiwe kule, bila ya kukisukuma kichwa chake kwa nguvu, kwani mtoto asukumwaye kichwa hupigana na ziwa kana kwamba ni adui.

La tatu ni kuitoa chuchu kabla ya kunyonyesha. Ikiwa kuisugua kidogo kwa vidole hakutoshi, kuna hila nyepesi wanayofundishwa wakunga wa dunia nzima. Hutwaliwa bomba jipya la sindano la mililita 20, bila ya sindano yake. Hukatwa kwa kisu ile ncha nyembamba. Mti wake wa kusukumia huchomolewa, ukarudishwa kwa upande ule uliokatwa, ili upande laini wa bomba ubaki wazi. Upande huo laini mama huuweka juu ya chuchu, akauvuta mti polepole mpaka chuchu iingie ndani ya bomba, akaiacha hivyo nusu dakika au dakika moja. Ikimwuma, na apunguze kuvuta. Akitaka kuondoa bomba, asukume mti kidogo kwanza, asilibandue kwa ghafula akajijeruhi. Mara moja kabla ya kila kunyonyesha yatosha. Bomba hili ni la mama huyo peke yake, nalo huoshwa kwa maji yaliyochemka. Bei yake ni ndogo mno kuliko ya mkebe mmoja wa maziwa.

La nne, katika siku ambazo mtoto bado hajashika, mama na akamue maziwa yake kila baada ya masaa mawili matatu, usiku na mchana, si chini ya mara 8, naye mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo safi, akikaa wima kidogo, ukingo wa kikombe ukigusa mdomo wa chini ili alambe mwenyewe, asimiminiwe. Ziwa lisilokamuliwa hudhani kazi yake imekwisha likaacha kutoa. Na chupa yenye chuchu ya mpira hapa ina dhara kubwa zaidi kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, maana humzoeza kitu kirefu kigumu kinachomimina chenyewe, akija kwa mama yake mwenye chuchu iliyolala humwona hana kitu.

Siku nne tano za kazi hii ni ndefu. Kwa wengine hufika majuma mawili. Mtoto akilala mno asiamke kunyonya, au akawa manjano, au ikapita siku ya tano naye hakojoi mara sita kwa mchana na usiku, hapo si pa kungoja wala pa kusomea tu: na apelekwe hospitali upesi, iwe ya Newala, au Mkomaindo pale Masasi, au Ndanda, apimwe uzito. Kusoma na dawa havigombani.

Watu wengine huanza mapema mno. Mwenye mimba huambiwa avute chuchu zake kila siku, au hununuliwa vikombe vya kuvaa ndani ya nguo ili vizisukume nje. Jambo hili lilipimwa Uingereza kwa wanawake 96 katika utafiti uliochapwa mwaka 1992, na waliopewa shauri la kuvaa vikombe wakaonekana, juma la sita baada ya kuzaa, kuwa wachache zaidi wanaonyonyesha kuliko wasiopewa. Likapimwa tena kwa wanawake 463 wa Uingereza na Canada, khabari yake ikachapwa mwaka 1994, na haikuonekana faida wala katika vikombe wala katika kuvuta. Makungwi na manyakanga wetu wanaowafunda wari kuvutana maziwa, basi, na waambiwe kwa adabu ya kwamba taabu hiyo haina malipo. Kazi ni baada ya kuzaa, na mtoto mwenyewe ndiye fundi wake.

Tukirudi kwa mkebe na chupa, twataka msomaji azitazame nyanda za Makonde zilivyo. Juu kule hakuna mto. Mvua inyeshayo huzama mchangani, na maji hutokea chini, penye kingo na mabonde. Vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka mteremko na mitungi alfajiri wakapanda nayo jua limekuwa kali. Na siku hizi, ijapokuwa maji hupandishwa kwa mashine, mifereji haifiki kila kijiji wala haitoi kila siku. Sasa hesabu: chupa na mpira wake huoshwa na kuchemshwa kila mara, mara nane kwa siku, na maji ya kuchanganyia unga huchemshwa pia. Maji hayo yatabebwa na nani, na kuni zitakatwa na nani? Mara nyingi ni mzazi huyohuyo. Kisha msimu wa korosho hupita, fedha hupungua, na mama huanza kutia kijiko kimoja cha unga mahali pa viwili. Mtoto huonekana ameshiba, kumbe anakunywa maji meupe. Huku pwani sisi hatukusalimika na haya, illa kule juu dhara yake ni mara mbili.

Tena khabari hii si mpya. Mwaka 1939 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameueleza ugonjwa wa kwashiorkor katika nchi ambayo leo ni Ghana, alisimama mbele ya wakubwa wa mji wa Singapore akawaambia waziwazi ya kwamba kuwashawishi akina mama waache maziwa yao kwa ajili ya maziwa ya mikebe ni sawa na kuua. Ilipita miaka 42 mpaka mataifa yakakubaliana, mwaka 1981, juu ya kanuni ya kuzuia matangazo ya maziwa hayo. Katika hesabu ya afya ya Tanzania ya mwaka 2022, watoto wa chini ya miezi 6 walionyonya maziwa ya mama matupu walikuwa 64 katika kila 100. Kwa hiyo waliobaki wote walikuwa wakipewa maji, au uji, au mkebe. Na huko Newala na wilaya za jirani, taasisi ya Ifakara iliwahi kuwatuma watu wa kujitolea wa vijijini kuzipitia nyumba za wenye mimba na za waliojifungua, katika kazi iliyoitwa Mtunze Mtoto Mchanga. Vifo havikupungua kwa kazi hiyo peke yake, walakini waliofikiwa walizidi kuwapa watoto wao ziwa tupu katika siku zile za mwanzo. Mtu akikalishwa karibu na mzazi, mzazi hupata moyo.

Kuna pia mambo ambayo sisi wenye vilemba ndio tunaoyaingiza chumbani. Kumtia mtoto tende iliyotafunwa kidogo juu ya kaakaa ni suna, nayo ni kiasi cha kupaka, si kulisha; apakwe, kisha atiwe ziwani. Asali vitabu vimeitaja ikikosekana tende. Lakini imethibiti leo ya kwamba asali yaweza kuwa na mbegu za ugonjwa ambazo tumbo la mtoto asiyetimiza mwaka haliwezi kuzishinda, na suna haifuatwi kwa kuleta madhara. Tende huku kwetu hazikosekani. Na kombe, mama anayetaka kulinywa na alinywe. Mtoto wa siku tatu na asomewe tu, asinyweshwe.

Ama kumpa mtoto mwanamke mwingine amnyonyeshe, ni halali, na mbele yetu ni bora kuliko mkebe, ikiwa mwanamke huyo ni mzima na amepimwa maradhi. Mama yake Musa alipomtia mwanawe majini, mtoto alikataa maziwa yote ya wanyonyeshaji mpaka akarudishwa kwake, kama ilivyo katika Suratul Qasas. Si kila mtoto atakataa, na atakayekubali ameingia katika udugu mpya. Akinyonya mara 5 mbalimbali, naye hajatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo, mwanamke yule ni mama yake, na watoto wake ni ndugu zake, na mume mwenye maziwa hayo ni baba yake wa ziwa. Mara moja ni ile ambayo mtoto ameacha mwenyewe kwa kutosheka. Akihamishwa tu kutoka ziwa moja kwenda la pili, ni mara ileile. Maziwa yaliyokamuliwa yakanyweshwa kwa kikombe hukumu yake ni hiyohiyo. Lakini yakikamuliwa mara moja tu kisha akanyweshwa mara tano, huhesabiwa moja. Na wala haitazamwi dini ya mnyonyeshaji: jirani Mkristo wa Masasi, kama walivyo wengi pale tangu Misheni ya Vyuo Vikuu ilipokita mwaka 1876, akimnyonyesha mwanao amekuwa mama yake, na heshima yake ni lazima.

Kule bara hukumu hii yataka uangalifu zaidi, kwa sababu wenyeji hupenda kijana amwoe binti wa mjomba wake. Mara nyingi bibi mzaa mama bado ni kijana, naye ana mtoto wake kifuani, akamtwaa mjukuu akamnyonyesha kwa huruma. Akitimiza mara tano, yule mtoto amekuwa ndugu wa ziwa wa wajomba zake. Binti wa mjomba amekuwa binti wa nduguye. Na ndoa ile ambayo ukoo wote umeingoja miaka ishirini ni haramu. Hatukatazi bibi asinyonyeshe; pengine amemwokoa. Tunataka iandikwe: nani alinyonyesha, mwezi gani, mara ngapi, na wajomba waambiwe siku ileile, si siku ya posa. Ikitokea shaka katika hesabu, asili ni kuwa hapana uharamu, na mcha Mungu hujiepusha. Wengine wakatuuliza kama bibi huyo akimnyonyesha mjukuu ndoa ya wazazi wa mtoto huharibika, kwa kuwa mke amekuwa ndugu wa mwanawe. Haiharibiki. Dada wa mtoto wako kwa ziwa si haramu kwako, nayo ni katika zile sura ambazo wanavyuoni wamezitenga.

Juu ya gharama. Vitabu vyetu vya kale havikuhesabu dawa ya mke katika masurufu ya lazima, na wako waume wanaoshika neno hilo kwa mikono miwili kila dawa inapotajwa. Sisi twasema: nauli ya kumpeleka mzazi kwa mkunga ili afundishwe kunyonyesha, na bomba, na kikombe, na kuni za kuchemshia, hivi si dawa ya mke, ni chakula cha mtoto, na chakula cha mtoto asiye na mali ni juu ya baba yake bila ya khitilafu. Kadhalika mama akitaka ujira wa kunyonyesha, ujira wa mfano wake, ana haki ya kupewa. Wachache huudai. Aliye muungwana hampi ujira tu: humtafutia wa kumtekea maji na wa kumlimia shamba katika siku arubaini zile, na huwazuia wageni wenye maneno.

Ramadhani ikimkuta naye akakhofu maziwa yatapungua, ana rukhsa ya kula. Akikhofu nafsi yake, au nafsi yake pamoja na mtoto, atalipa siku tu. Akikhofu mtoto peke yake, atalipa siku na kutoa mudi moja ya chakula kwa kila siku.

Limebaki suala ambalo huulizwa kwa kunong'ona. Wakunga wengine humwambia mume aivute chuchu ya mkewe kwa kinywa chake, naye huogopa: maziwa yakimwingia kooni, je, mke amekuwa mama yake? Hakuwa. Kunyonya baada ya miaka miwili hakuleti udugu katika madhehebu yetu, na ndoa yao ni kama ilivyokuwa. Udhu wao ndio uliovunjika, kwa kugusana ngozi. Bomba, hata hivyo, ni safi zaidi kwa mtoto kuliko kinywa cha mtu mzima.

Na haya yote ni kwa mwanamke aliyeumbwa hivyo tangu ujana wake. Yule ambaye chuchu yake ilikuwa imetoka, kisha moja ikaingia ndani katika utu uzima bila ya sababu, hasa ikiwa pana uvimbe au damu, hilo si jambo la kunyonyesha. Yaweza kuwa dalili ya saratani ya ziwa, na mumewe na ampeleke hospitali juma hilohilo. Wallahu aalam.